Pasipoti ya kwanza ya Marekani baada ya kiapo: mwongozo kamili wa kuomba na kusubiri

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia majirani kujaza fomu za pasipoti, na makosa ninayokutana nayo ni yaleyale. Mtu anakula kiapo cha uraia Ijumaa, anakata tiketi ya ndege Jumamosi, anasaini fomu akiwa nyumbani Jumapili, kisha anashangaa mwezi mmoja baadaye kwamba hana pasipoti, hana kadi ya ukaazi na hana hata hati yenyewe ya uraia mkononi.

Siku nyingi zinazopotea hupotea kabla bahasha haijafika serikalini, na hizo ziko chini ya uwezo wa mwombaji. Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyepata uraia wa Marekani kwa kuandikishwa na anayeomba pasipoti kwa mara ya kwanza. Watoto wana sehemu yao fupi karibu na mwisho.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Hati halisi ya uraia uliyopewa siku ya kiapo, pamoja na nakala yake kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, upande mmoja tu wa karatasi.
- Kitambulisho chenye picha, kwa mfano leseni ya udereva, pamoja na nakala ya mbele na ya nyuma.
- Fomu DS-11, ya kuomba pasipoti kwa mara ya kwanza, iliyojazwa lakini haijasainiwa.
- Picha moja ya rangi, inchi 2 kwa 2, iliyopigwa ndani ya miezi 6 iliyopita.
- Namba yako ya Hifadhi ya Jamii (Social Security).
- Malipo mawili tofauti: dola 130 kwa Wizara ya Mambo ya Nje, na dola 35 kwa kituo kinachopokea maombi.
- Hati ya mahakama, ikiwa jina unalotumia sasa si lile lililoandikwa kwenye hati ya uraia. Aliyebadilisha jina kwa ndoa ataleta cheti cha ndoa.

Ikiwa leseni yako ilitolewa na jimbo jingine tofauti na lile unalopelekea maombi, beba kitambulisho cha pili, kwa sababu karani ana haki ya kukidai.

## Hatua ya 1: Kagua hati ya uraia kabla hujatoka ukumbini

Ukishapewa hati, tafuta kiti ukae, uisome herufi kwa herufi: jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi ya zamani, jinsia. Kisha itazame picha, na uisaini pale panapotakiwa. Afisa akiwa bado yupo mbele yako, kosa la herufi moja linaweza kushughulikiwa palepale. Ukishafika nyumbani, kosa hilohilo linahitaji fomu N-565, ya kuomba hati nyingine ya uraia, ambayo hailipiwi ikiwa kosa ni la ofisi, lakini inakula miezi.

Usilipuuze jambo hili kwa kuona ni dogo, kwa kuwa pasipoti itafuata hati hii. Kama jina lako ni Mwanaisha na hati imeandika Mwanaish, pasipoti itatoka na Mwanaish.

Wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Kama karatasi zako zote za Marekani zina tarehe hiyo, ijaze hiyohiyo kwenye fomu ya pasipoti. Huu si wakati wa kuandika tarehe ambayo mama yako anaikumbuka, hata kama ndiyo ya kweli, kwa sababu fomu isiyolingana na hati husimamishwa.

Onyo: usiitie hati hii laminesheni. Na usiogope maandishi yaliyochapwa juu yake yanayosema kwamba ni kosa kuitoa nakala bila mamlaka ya kisheria. Maelekezo ya pasipoti yenyewe yanadai nakala, hivyo kuitoa kwa shughuli hiyo ni halali. Toa nakala mbili: moja ya kupeleka na moja ya kubaki nayo.

Umefanikiwa ikiwa unatoka ukumbini na hati isiyo na kosa, yenye saini yako.

## Hatua ya 2: Amua kipi kinatangulia, Hifadhi ya Jamii au pasipoti

Ukiomba pasipoti, hati halisi ya uraia inatiwa kwenye bahasha na kwenda zake. Hutaiona kwa wiki kadhaa. Kadi yako ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wengi huiita grini kadi, uliirudisha siku ya kiapo. Kwa hiyo katika kipindi hicho huna karatasi yoyote halisi ya kumwonyesha mtu kwamba wewe ni raia.

Ofisi ya Hifadhi ya Jamii nayo inahitaji kuona hati hiyo ili ibadilishe rekodi yako kutoka mgeni kuwa raia. USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, inashauri usubiri angalau siku 10 baada ya kiapo kabla ya kwenda huko, ili taarifa ziwe zimeingia kwenye mitambo yao.

Ushauri wangu ni huu. Kama huna safari katika miezi mitatu ijayo, anza na Hifadhi ya Jamii, kisha peleka maombi ya pasipoti. Kama una safari ya karibu, anza na pasipoti, na baadaye uende Hifadhi ya Jamii ukiwa na pasipoti yenyewe, maana nayo ni uthibitisho kamili wa uraia. Njia zote mbili ni sahihi; kinachosumbua ni kupeleka hati kwenye pasipoti leo, kisha kesho mwajiri au ofisi ya mafao ikadai uthibitisho.

## Hatua ya 3: Hesabu tarehe kabla ya kukata tiketi

Wizara ya Mambo ya Nje hutangaza makadirio ya muda, na makadirio hayo hubadilika kulingana na msimu. Yamekuwa wiki 4 hadi 6 kwa huduma ya kawaida, na wiki 2 hadi 3 kwa huduma ya haraka, ambayo huongezewa dola 60. Watu huisoma namba hiyo na kudhani ndiyo yote, kumbe imehesabiwa tangu maombi yanapofika ofisini mpaka yanapomalizika. Posta haimo ndani yake. Bahasha inaweza kuchukua hadi wiki mbili kwenda, na pasipoti hadi wiki mbili kurudi.

Tuchukue mfano. Umepeleka maombi tarehe 1 Machi kwa huduma ya kawaida. Weka wiki 2 za kwenda, wiki 6 za kazi na wiki 2 za kurudi. Jumla ni wiki 10, nawe umefika tarehe 10 Mei. Kama unakwenda nchi inayodai viza, hesabu ya viza inaanzia hapo, kwa kuwa ombi la viza linadai namba ya pasipoti. Mtanzania wa jana ambaye leo ni Mmarekani anaingia Tanzania kwa viza kama Mmarekani mwingine yeyote, na viza yake ya kawaida ni dola 100.

Ukiongeza kama dola 22, pasipoti itarudishwa kwa njia ya siku 1 hadi 2. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo fedha inayolipa kuliko zote katika shughuli hii: inapunguza kusubiri, na inakupa kifurushi unachoweza kukifuatilia.

Onyo kubwa: usidhani unaweza kusafiri kwa pasipoti yako ya zamani wakati unangoja. Sheria ya Marekani inamtaka raia wake atoke na kuingia kwa pasipoti ya Marekani. Mkenya wa kuzaliwa anaruhusiwa kubaki na uraia wa Kenya tangu Katiba ya 2010, hivyo anaweza kuingia Nairobi kwa pasipoti ya Kenya, lakini siku ya kurudi shirika la ndege litamuuliza anaingiaje Marekani, na kadi ya ukaazi hana tena. Mtanzania mtu mzima na Mkongo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wako pabaya zaidi, kwa kuwa sheria za nchi zao haziwaruhusu kushika uraia mwingine pamoja na wa nyumbani. Pasipoti yao ya zamani si yao tena, hata kama tarehe yake ya mwisho haijafika.

## Hatua ya 4: Jaza fomu DS-11, usiisaini

Fomu ya mtu anayeomba kwa mara ya kwanza ni DS-11. Ile ya DS-82 ni ya kuhuisha pasipoti uliyokwisha kuwa nayo, na huduma ya kuomba kwa mtandao nayo ni ya kuhuisha tu. Unaweza kuijaza DS-11 kwenye kompyuta katika tovuti ya serikali, travel.state.gov, kisha ukaichapa upande mmoja wa karatasi. Ukijaza kwa mkono, tumia kalamu ya wino mweusi. Tovuti isiyoishia na .gov inayokutoza fedha kwa ajili ya fomu hii inakuuzia kitu cha bure.

Sehemu zinazowakwamisha Waswahili ni tatu.

Ya kwanza ni tarehe. Fomu inaanza na mwezi, kisha siku, kisha mwaka. Sisi tumezoea kuanza na siku, kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 4 Machi huandika 04/03, na mbele ya karani huyo amezaliwa Aprili 3. Nimeshuhudia kosa hili kwenye fomu ya mtu mwenye shahada mbili.

Ya pili ni majina. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, bila jina la ukoo kwa maana ya Kimarekani. Usianze kufikiri upya ni lipi liende wapi. Fungua hati ya uraia, tazama lipi limewekwa kuwa la mwisho, na ulifuate. Majina mengine uliyowahi kutumia yana nafasi yake kwenye fomu. Yaandike yote, pamoja na la ndoa iliyopita.

Ya tatu ni wazazi. Fomu inauliza majina yao, tarehe na mahali walipozaliwa, na kama ni raia wa Marekani. Andika unachokijua kwa hakika. Tarehe ya kubuni inaweza kupingana na ile uliyoiandika kwenye N-400, fomu yako ya kuomba uraia.

Namba ya Hifadhi ya Jamii usiiache wazi. Sheria inaruhusu faini ya dola 500 kwa asiyeitaja, na maombi yenyewe yatakwama. Jaza pia tarehe ya safari kama unayo.

Sasa onyo ambalo limewarudisha watu wengi nyumbani: saini inawekwa mbele ya karani, baada ya kukuapisha. Mama mmoja niliyemjazia fomu alisaini jikoni usiku ule ili, kwa maneno yake, asipoteze muda wa karani. Ilibidi fomu ijazwe upya kituoni huku foleni ikimtazama.

## Hatua ya 5: Picha na malipo

Picha iwe na mandhari nyeupe, uso ukitazama mbele, bila miwani, hata ile ya macho. Kichwa, kuanzia kidevuni hadi utosini, kiwe kati ya inchi 1 na inchi 1 na 3/8. Anayevaa hijabu au kilemba kwa sababu za dini anaruhusiwa kukivaa, mradi uso wote uonekane bila kivuli na aambatishe maelezo yaliyosainiwa kwamba ni vazi la dini analolivaa kila siku hadharani. Picha ya simu iliyokatwakatwa na kung'arishwa hukataliwa, na ikikataliwa utaandikiwa barua inayodai nyingine. Ipige mahali wanapopiga picha za pasipoti.

Malipo ya wizara ni kwa hundi au mani oda. Kadi ya benki haipokelewi kwa sehemu hiyo. Andika jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ya mwombaji kwenye hundi. Ukiomba huduma ya haraka, ongeza dola 60 kwenye hundi hiyohiyo, iwe dola 190. Zile dola 35 za kituo zinakwenda peke yake, na njia ya kuzilipa huamuliwa na kituo, hivyo uliza unapoweka miadi.

Utaona pia kadi ya pasipoti inayouzwa dola 30. Ni nzuri kama kitambulisho cha mfukoni, lakini haipandishi mtu ndege ya kimataifa.

## Hatua ya 6: Siku ya miadi

Vituo vya kupokea maombi ni ofisi nyingi za posta, maktaba kadhaa na ofisi za makarani wa mahakama. Weka miadi mapema, na uangalie vituo vya miji ya jirani kama cha kwenu kimejaa.

Karani atalinganisha karatasi, atakuapisha, utasaini, naye atatia kila kitu kwenye bahasha. Hati yako halisi inaondoka hapo. Najua inauma kuiachia karatasi uliyoingoja kwa miaka mingi, lakini nakala pekee haikubaliwi.

Umefanikiwa ikiwa unatoka na risiti. Ipige picha, na uandike tarehe.

## Hatua ya 7: Kusubiri kwa akili

Katika wiki mbili za kwanza, ukurasa wa kufuatilia maombi, ambao hukuuliza jina la mwisho, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu 4 za mwisho za namba ya Hifadhi ya Jamii, unaweza kukuambia kwamba maombi hayajapatikana. Maana yake ni kwamba bado hayajaingizwa kwenye mitambo. Usipeleke maombi ya pili. Utakuwa umejitengenezea mafaili mawili yanayopingana.

Baadaye utaona kwamba yanashughulikiwa. Hali hiyo hukaa muda mrefu bila kubadilika, na kuitazama mara tano kwa siku hakuisogezi. Baada ya hapo huandikwa kwamba yameidhinishwa, kisha kwamba pasipoti imetumwa.

Jambo la kulitazama kila siku ni sanduku la barua na barua pepe. Kama kuna kilichopungua, utaandikiwa, na una siku 90 za kujibu. Kila siku inayopita barua ikiwa mezani haijafunguliwa ni siku ambayo faili lako limesimama. Hakikisha jina lako limebandikwa kwenye sanduku la barua, hasa kama unaishi kwenye jengo la vyumba vingi au kwa ndugu ambaye jina lake si lako. Ukihama, piga simu 1-877-487-2778 ubadilishe anwani.

Kwa simu hiyohiyo unaweza kuongeza huduma ya haraka, hata kama hukuiomba mwanzoni. Muda uliotangazwa ukipita na hakuna jibu, wasiliana na ofisi ya mbunge wa eneo lako au seneta wa jimbo lako. Watakupa fomu ya kuwaruhusu kuuliza habari zako. Huduma hii ni ya bure, na huyasogeza maombi mbele mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 8: Msiba au safari ya ghafla

Zipo ofisi za pasipoti zenyewe, katika miji mikubwa, zinazomhudumia mtu ana kwa ana ikiwa safari yake iko ndani ya siku 14, au ndani ya siku 28 ikiwa anahitaji viza. Miadi hutolewa kwa simu au mtandaoni, kulingana na nafasi. Haiuzwi, anayekuuzia miadi ni tapeli. Kama maombi yako tayari yako ndani, piga simu ueleze hivyo.

Kwa kifo au ugonjwa wa hatari wa jamaa aliye nje ya nchi, kuna miadi maalumu ya dharura. Hapa lugha yetu inatuponza. Jamaa wanaohesabiwa ni mzazi au mlezi wa kisheria, mtoto, mwenzi wa ndoa, ndugu, yaani kaka au dada, na babu au bibi. Mama mkubwa, baba mdogo na binamu hawamo. Mtu anayemwambia afisa kwamba baba yake amefariki, kisha cheti kikaonyesha kwamba ni baba mdogo, anaonekana kuwa mwongo, wakati amesema tu kama alivyolelewa. Eleza uhusiano ulivyo. Karatasi inayotakiwa ni cheti cha kifo, maelezo ya nyumba ya maiti au barua ya hospitali iliyosainiwa, na ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili, iende na tafsiri ya Kiingereza.

## Watoto

Mtoto wa chini ya miaka 18 aliye na ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi aliyepata uraia, huwa raia moja kwa moja bila kula kiapo. Pasipoti yake huombwa kwa hati ya uraia ya mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi yake ya ukaazi. Kwa aliye chini ya miaka 16, wazazi wote wawili wafike, au asiyekuwepo atoe idhini kwa fomu DS-3053 iliyothibitishwa na mthibitishaji wa umma (notary public). Ada yake ni dola 100 na zile 35 za kituo, na pasipoti inadumu miaka 5. Ya mtu mzima inadumu miaka 10.

Hati moja haiwezi kuwa kwenye bahasha mbili za siku tofauti, kwa hiyo peleka maombi yako na ya watoto siku moja.

## Hatua ya 9: Kupokea

Pasipoti inakuja kwanza, peke yake. Isome kama ulivyoisoma hati: jina, tarehe, jinsia. Mahali pa kuzaliwa pataonyesha nchi tu, bila mji. Hilo si kosa. Kosa la uchapaji hurekebishwa bure kwa fomu DS-5504. Kisha isaini kwa wino, kwa sababu isiyo na saini si halali.

Hati ya uraia hurudi kwa bahasha nyingine ya kawaida, isiyo na mbwembwe, hadi wiki 4 baada ya pasipoti. Inafanana sana na barua za matangazo, na namjua mtu aliyeikuta kwenye pipa la karatasi la kwake mwenyewe. Kama wiki hizo zimepita bila kuiona, piga simu mapema, kabla siku 90 hazijatimia tangu pasipoti ilipotumwa. Kuipata nyingine kwa N-565 kunagharimu zaidi ya dola 500.

Ikifika, iweke mbali na pasipoti. Begi likiibwa, usipoteze vyote viwili kwa siku moja.